Uzi Hunenepa, Haurefuki: Mwongozo wa Kamba, Mikeka na Maji

Kamba ya katani uliyoifunga jana ikiwa kavu, ikinyeshewa usiku, asubuhi utaikuta imekaza hadi inataka kung'oa msumari. Ile uliyoifunga ikiwa imelowa, jua likipanda inaning'inia. Mkeka uliosukwa kwa chane zilizojaa maji huonekana umebana vizuri, kisha baada ya wiki unapitisha mchanga. Visa vitatu, chanzo kimoja: ukuta wa seli ya mmea hunywa maji, na ukinywa hunenepa.

Mwongozo huu ni wa yeyote anayeshika nyuzi za mimea kwa kazi: anayefunga mizigo, anayesuka ukili, fundi bomba, fundi cherehani, au anayetaka tu kamba yake ya kuanikia idumu. Nitaanza na kinachotokea ndani ya uzi. Ukikielewa hicho, kanuni nyingine utazitunga mwenyewe papo hapo kazini.

Ndani ya singa moja

Chukua singa moja ya mkonge, yenye urefu wa mita moja hivi. Inaonekana ni uzi mmoja, lakini ukiikata na kuutazama mkato wake kwa hadubini utaona seli zipatazo mia zimebanana. Kila seli ina urefu wa milimita chache tu. Zimeungana ncha kwa ncha na ubavu kwa ubavu, zikashikwa na gundi ya mmea wenyewe. Seli hizo zimekwisha kufa. Kilichobaki ni kuta zake, na katikati ya kila moja kuna uwazi mwembamba.

Ukuta umejengwa hasa kwa vitu vitatu. Cha kwanza ni selulosi, yaani minyororo mirefu ya glukosi iliyolala sambamba na kushikana ikawa vijiuzi vyembamba mno. Cha pili ni hemiselulosi, yenye minyororo mifupi inayovizunguka vijiuzi hivyo na kupenda maji kupita wenzake. Cha tatu ni lignini, ngumu, inayojaza nafasi zilizobaki na isiyopatana sana na maji. Kuna pia pektini, ambayo iko zaidi kwenye ile gundi ya kati ya seli na seli.

Ukuta una tabaka kadhaa, na lililo nene kuliko yote ndilo linaloamua tabia ya uzi. Humo vijiuzi vya selulosi huizunguka seli kwa mshazari. Kwenye mkonge mshazari huo ni mdogo, kama digrii 20 kutoka mstari wa urefu. Kwenye usumba wa nazi unafika digrii 40 na kupita. Matokeo yake unayaona mkononi: singa ya mkonge ni kakamavu na hukatika ikiwa imevutika kwa asilimia chache tu, wakati uzi wa usumba huvutika asilimia 15 hadi 30 kabla haujakatika.

Sasa maji. Huingia kwa njia mbili, na ni vizuri usizichanganye.

Njia ya kwanza ni ukuta wenyewe. Selulosi na hemiselulosi zimejaa vikundi vya oksijeni na haidrojeni ambavyo molekuli za maji hunasa kwavyo. Pale selulosi ilipojipanga barabara, minyororo imeshikana yenyewe kwa yenyewe na maji hayapati upenyo. Yanapenya kwenye mpangilio legelege na kwenye hemiselulosi, yanajisukuma katikati na kuvitenga vijiuzi. Tazama fagio la chelewa: ukichomeka vitu kati ya njiti, fagio linanenepa, lakini hakuna njiti inayorefuka. Uzi wa pamba ukilowa, kipenyo chake huongezeka kwa asilimia 20 hivi, na urefu wake kwa asilimia 1 au 2 tu.

Njia ya pili ni nafasi tupu: ule uwazi wa katikati ya seli, na mianya kati ya uzi na uzi. Maji ya humo hayaunenepeshi ukuta, yanaongeza uzito tu, nayo ndiyo hukauka kwanza. Kwa mbao, kuta hushiba maji yanapofika karibu asilimia 30 ya uzito mkavu. Yote yanayozidi hapo yanakaa kwenye nafasi tupu. Kwa hiyo kamba iliyoacha kudondosha maji bado haijakauka. Imepoteza maji yasiyo na madhara, ila kuta zake zimeshiba vilevile. Wengi hukosea hapa.

Wala si lazima maji yamwagwe. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 65, hali ya kawaida kabisa pwani, pamba hubeba maji ya asilimia 8 hivi ya uzito wake mkavu, na katani asilimia 11 hivi. Hewa ikikaribia kujaa unyevu, katani huvuka asilimia 20. Anayenunua katani kwa mizani wakati wa masika, bila kuuliza imekaushwa vipi, ananunua na maji.

Limebaki jambo moja: kwa nini kamba ifupike? Ndani ya kamba iliyosokotwa, kila singa inapita kwa kuzunguka. Zote zikinenepa, kiuno cha kamba hupanuka, na njia ya kuzunguka inakuwa ndefu zaidi. Singa nayo haikurefuka. Urefu unaohitajika kwa mzunguko mpana lazima utoke mahali, na unatoka kwenye urefu wa kamba. Kadiri kamba ilivyosokotwa kwa kukaza, ndivyo inavyofupika zaidi.

> KABLA HUJALOWESHA, JIULIZE
> 1. Kitu hiki kitaishi kikiwa kikavu, kikiwa na maji, au kwa kupokezana?
> 2. Uzi ukinenepa, utanisaidia au utaniharibia?
>
> Majibu ya maswali haya mawili ndiyo yanayoongoza kila hatua iliyomo humu.

Jionee mwenyewe kwanza

Unahitaji kamba nyembamba ya katani ya mita moja na nusu, singa moja ndefu, chupa mbili (moja ya nusu lita na nyingine ndogo), futi ya fundi na sufuria ya maji.

1. Funga kamba kwenye boriti au tawi, na chupa ya nusu lita iliyojaa maji iwe kwenye ncha ya chini. Pitisha kijiti kwenye fundo la chupa na ukiegemeze ukutani ili chupa isizunguke.
2. Pembeni yake ning'iniza singa moja kwa chupa ndogo yenye maji kidogo tu.
3. Weka alama ukutani mahali vitako vya chupa vilipofika.
4. Lowesha kamba na singa kwa kitambaa chenye maji, kutoka juu hadi chini. Rudia kila baada ya dakika chache kwa muda wa nusu saa.
5. Pima tena. Chupa ya kamba itakuwa imepanda. Ya singa itakuwa karibu palepale.
6. Acha vikauke hadi kesho yake na upime mara ya tatu.

Kamba ikikauka itashuka, lakini mara nyingi haitarudi kwenye alama ya kwanza. Sehemu ya kufupika ni ya kudumu, kwa sababu maji yamelegeza mvutano uliobaki tangu kiwandani na singa zimejipanga upya. Ukirudia na kamba ileile utaona inapanda na kushuka katikati ya alama mbili zinazokaribiana. Kamba hiyo sasa imeizoea hali yake, na ndiyo unayoitaka kazini.

Ukitaka burudani kidogo, ondoa kile kijiti kabla ya kulowesha. Chupa itaanza kuzunguka polepole, yenyewe, kamba inapojaribu kujisokotoa.

Kamba mpya ya katani: iandae kabla ya kuipa kazi

Katani yenyewe ni mgeni aliyezoea. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Mingi ilikufa njiani, na michache iliyosalimika ikapandwa karibu na Pangani. Mashamba ya Tanga yalianzia hapo. Jani la mkonge karibu lote ni maji na nyama. Nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito, na ndiyo maana korona, mashine inayotenga nyuzi na jani, inatema milima ya mabaki. Nyuzi hizo zinaposokotwa kiwandani hupakwa mafuta kidogo ili zipite vizuri mashinani. Harufu unayoisikia kwenye roli jipya ni ya mafuta hayo, na ndiyo yanayofanya maji yateleze juu ya kamba mpya badala ya kuingia.

1. Funga kamba kwa uzi mwembamba pande zote mbili za pale utakapokata, ndipo ukate. Ukikata kwanza, ncha zitafumuka.
2. Kata ziada. Kwa kila mita kumi unazohitaji, ongeza mita moja.
3. Zamisha kamba kwenye maji safi na uiwekee jiwe juu. Utaona vipovu vidogo vikipanda mfululizo. Ni hewa inayotoka kwenye mianya na kwenye ule uwazi wa katikati ya seli. Iache usiku kucha.
4. Itoe na uivute kati ya miti miwili, kwa nguvu ya wastani, isiguse ardhi. Usiivute mpaka ilie. Ikiwa imelowa inataka kufupika, na ukiinyima nafasi kabisa unazichosha singa.
5. Ikaushie kivulini penye upepo. Jua kali la siku nyingi huvunja lignini na selulosi za juu, na kamba huanza kumwaga vumbi.
6. Siku ya pili au ya tatu itakuwa imelegea. Ivute tena kidogo.
7. Rudia kulowesha na kukausha mara moja zaidi kama kamba itakaa nje kwenye mvua na jua.

*Makosa ya kawaida:* kukaushia juu ya bati la moto. Kuikunja ingali baridi mkononi, maana ubaridi huo ni maji yanayoendelea kutoka. Na kuichemsha ili "ilainike haraka". Maji moto yenye majivu, magadi au sabuni kali huyeyusha hemiselulosi na kulegeza lignini, na ulaini unaoupata hapo ni udhaifu.

Kufunga: kavu au mbichi?

Funga kwa kamba kavu karibu kila mara. Mvua ikija, itakaza zaidi, na hilo kwa mzigo si baya. Kamba iliyolowa hufanya kinyume: inakupa fundo zuri sasa na ulegevu baadaye. Lori lililofungwa Tanga asubuhi yenye manyunyu, likifika kwenye jua kavu la Dodoma, mzigo umeanza kucheza bila mtu kugusa fundo lolote. Kama huna budi kufunga kwa kamba iliyolowa, panga kusimama baada ya saa mbili tatu za jua na ukaze upya.

*Kamba ya kuanikia nguo.* Usiivute mpaka inyooke. Iache ibonyee katikati kwa upana wa kiganja au zaidi. Iliyonyooka kama rula ikinyeshewa haina pa kufupikia isipokuwa kwenye msumari au nguzo yako.

*Hema na turubai.* Kabla ya kulala usiku wenye dalili ya mvua, legeza kamba za katani kidogo kwenye kila kigingi. Za nailoni usihangaike nazo kwa sababu hii.

*Mnyama malishoni.* Tanzi linaloteleza likilowa shingoni mwa mbuzi linajikaza, na fundo likishavimba halifunguki. Tumia fundo lisiloteleza, na hakikisha vidole vitatu vinapita kati ya kamba na shingo ikiwa kamba ni kavu.

*Jukwaa la fundi.* Hapa naomba usome mara mbili. Mirunda iliyofungwa kwa katani huonekana imara zaidi mara baada ya mvua, kwa sababu kamba zimekaza. Hatari inakuja siku ya jua inayofuata, kamba zinapopungua unene. Pitia kila kiungo kwa mkono siku hiyo, kabla mtu hajapanda. Na kwa kazi ya kumbeba mtu mwenyewe, kama kushuka kisimani au kuning'inia ukutani, kamba ya katani ya umri usiojulikana isitumike hata kidogo.

Fundo lililovimba usilipige nyundo. Ling'ang'anie likishakauka, litakuwa limepungua.

Chane na ukili: kiasi cha maji ndicho ufundi

Jani la mkindu au la mkoma si uzi mmoja mmoja kama katani. Ni mafungu ya nyuzi yanayopita kwa urefu, na katikati yake seli laini zinazonyonya maji kwa pupa. Likilowa hutanuka kwa upana, likikauka husinyaa kwa upana. Chane kavu kabisa hupasuka ukiikunja. Iliyojaa maji hukunjika vizuri lakini imetanuka kupita kipimo, na unachosuka nayo kitakuja kuachia mianya. Unachotaka ni katikati ya hizo mbili, na wasukaji hodari huifahamu kwa vidole tu.

1. Anika majani hadi rangi ya kijani itoke yote. Yaliyokauka nusu yatasinyaa yakiwa tayari ndani ya mkeka.
2. Chana kwa upana mmoja. Chane pana na nyembamba hazisinyai kwa kiasi sawa, na ukili utapinda.
3. Kama unatia rangi, tia kwenye maji yanayochemka. Joto hulainisha kuta na kufungua njia, rangi inaingia ndani badala ya kukaa juu na kuchujuka. Kisha anika tena.
4. Siku ya kusuka, chovya fungu dogo kwenye maji, litoe papo hapo na ulikung'ute.
5. Lizungushie kitambaa chenye unyevu na ulisahau kwa nusu saa au zaidi. Hatua hii ndiyo wanayoiruka wenye haraka. Maji yaliyo juu ya chane yanahitaji muda kuingia na kujigawa; bila muda huo, ngozi imeshiba na ndani bado kukavu.
6. Jaribu chane moja: izungushe kwenye kidole cha shahada. Ikilia au kuonyesha mstari mweupe, rudisha kwenye kitambaa. Ikiacha maji kidoleni, ipepee kwanza.
7. Suka ukiwa na chane za kazi ya siku hiyo tu. Zilizobaki zianike, fungu lenye unyevu likilala ndani ya kitambaa siku mbili tatu huota ukungu.
8. Ukili uliokamilika uning'inize ukauke kabisa, ukisogeza misuko ikutane pale ilipoachia, ndipo uushone kuwa mkeka.

Ukishona ukili ungali na unyevu, uzi wa kushonea utakuwa umekaza juu ya kitu ambacho kesho kitapungua. Kitanda cha kamba nacho ni hivyohivyo: kiwambe kwa kamba iliyokwisha kuloweshwa na kukaushwa ikiwa imevutwa, na acha ncha ndefu upande wa miguuni ya kukazia tena baada ya wiki chache za kulaliwa.

Mkeka uliomwagikiwa maji uanike umelala juu ya kamba mbili au kichanja, upepo upite pande zote. Ukiuning'iniza kwa ncha moja, uzito wa maji unauvuta mrama, na utakauka na umbo hilo.

Pale ambapo kunenepa ndiko kunakotakiwa

Fundi bomba wa siku nyingi hutembea na shungi la katani mfukoni. Anajua kwamba uzi uliokaa kwenye hesi ya bomba la chuma ukiguswa na maji unanenepa na kuziba njia ambayo maji yangetorokea. Utepe mweupe wa plastiki haufanyi hivyo. Unaziba kwa kubanwa tu.

1. Safisha hesi. Kama inang'aa na kuteleza, ikwaruze kwa ubapa wa msumeno wa chuma ili singa zishike.
2. Chukua singa chache, zichane kwa vidole zisiwe na mafundo.
3. Ukitazama ncha ya hesi, zungusha singa kuelekea mwendo wa saa, zikikaa ndani ya mifereji. Ukizungusha kinyume, soketi itazikusanya na kuzitoa nje.
4. Paka rangi ya mafuta au dawa ya viungo juu yake, ufunge mara moja, wala usirudishe nyuma baada ya kukaza.
5. Fungulia maji. Tone dogo mwanzoni si sababu ya kukaza kwa hasira; subiri kidogo uzi unywe.

Kwa soketi za plastiki acha katani. Ukijaza nyingi, msukumo wake ukinenepa unaweza kuipasua. Kwa mabomba ya gesi ndiyo kabisa: hakuna maji ya kuinenepesha, na katani kavu haizibi gesi.

Mafundi wa vyombo vya baharini wamelitumia jambo hili tangu zamani. Wakikalafati, huchomeka pamba yenye mafuta kwenye mianya ya mbao, kisha bahari inamalizia kazi: mbao zinanenepa, pamba inanenepa, mwanya unafunga. Ndiyo maana pamba haishindiliwi mpaka mwisho wa nguvu. Ikinenepa inahitaji nafasi, la sivyo inazisukuma mbao. Na chombo kilichokaa nchi kavu kaskazi nzima hakipelekwi safari siku ya kwanza kinapoingia majini. Kiache kishibe karibu na ufuko, ukichota maji yanayoingia, mpaka yaache kuingia.

Kitambaa cha pamba, kwa kifupi

Kitambaa kikitoka kiwandani kimevutwa na kunyooshwa kwa nguvu. Maji ya kwanza yanazinenepesha nyuzi, nyuzi zinaachia mvutano ule, na gauni lililokaa sawasawa kwa fundi linabana kifuani. Lowesha khanga au kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu kwa saa moja, kianike, kipige pasi, ndipo ukate. Kama fundi cherehani anapokea vitambaa vya wateja, aseme wazi kwamba hii ni kazi ya mteja au aitoze.

Pamba ikilowa huwa imara kuliko ikiwa kavu, kwa hiyo kuikamua hakuidhuru. Viskosi ni mtoto mwingine. Nayo ni selulosi ya mmea, ila imeyeyushwa na kuundwa upya kiwandani, mpangilio wake ni legelege zaidi, na ikilowa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu. Nguo ya viskosi ikandamize kwenye taulo, usiikamue kwa kuisokota.

> UZI UPI KWA KAZI IPI
>
> Katani: nguvu nyingi, haivutiki sana. Mizigo, kufungia, kushonea magunia. Inaoza ikikaa kwenye maji au udongo muda mrefu.
>
> Usumba: lignini yake hufikia asilimia 40 na zaidi, mara kadhaa ya ile ya katani. Haushindwi upesi na maji ya chumvi, unaelea, unavutika na kurudi. Kamba za pwani, mazulia ya mlangoni, vitanda. Mitepe, vyombo vya kale vya baharini, ilishonwa kwa kamba za usumba, bila msumari.
>
> Ukindu na miyaa (majani ya mkindu na ya mkoma): mikeka, vikapu, makawa. Si kwa kubeba uzito unaovuta.
>
> Pamba: karibu selulosi tupu. Hunywa haraka, hukauka haraka ikiwa nyembamba, na huota ukungu upesi.

Usumba huo hupatikana kwa subira. Wanawake wa Unguja hufukia makumbi ya nazi kwenye mchanga wa pwani, pale bamvua linapofika, kwa miezi kadhaa. Vijidudu vya humo hula pektini na nyama laini iliyo kati ya nyuzi. Lignini haiwashughulishi, hivyo nyuzi zinabaki. Kisha makumbi hufukuliwa, hupondwa kwa magongo, husuuzwa, na kamba husokotwa kwa viganja. Ukikuta kamba ya usumba inauzwa rahisi mno na inaacha unga mwingi mkononi, yaelekea makumbi hayakukaa muda wake.

Kuhifadhi

Ukungu unahitaji chakula na maji. Chakula ni uzi wenyewe, huwezi kukiondoa. Unachoweza kuzuia ni maji. Unyevu wa hewa ukivuka asilimia 70 kwa siku nyingi, na hewa isipotembea, ukungu utaanza.

☐ Kamba au mkeka ni mkavu hadi ndani. Usiamini kiganja; fumua kidogo msokoto uguse katikati.
☐ Iliyotumika baharini imesuuzwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Chumvi iliyobaki huvuta unyevu wa hewa kila usiku na kamba haikauki asilani. (Ya usumba inayorudi majini kesho, iache.)
☐ Imening'inizwa, au iko juu ya mbao. Sakafu ya saruji hupitisha unyevu kutoka chini.
☐ Haiko ndani ya mfuko wa nailoni. Gunia ni bora.
☐ Iko mbali na saruji, chokaa, magadi, asidi ya betri na mbolea ya chumvichumvi.
☐ Katikati ya masika imetolewa nje siku yoyote ya upepo mkavu, hata kwa saa chache.

Madoa meusi madogo yakitokea kwenye mkeka, piga brashi nje ya nyumba ukiwa umeziba pua, ufute kwa kitambaa chenye siki iliyozimuliwa, anika juani kwa asubuhi moja, kisha rudisha kivulini. Kama uzi wa doa unakatika ukiukwaruza kwa kucha, selulosi yake imekwisha kuliwa. Hakuna dawa ya kuirudisha.

Kamba hii bado inafaa?

Ishike kwa mikono miwili, uisokotoe kinyume na msokoto wake mpaka nyuzi za ndani zionekane, na utazame sehemu tatu au nne za urefu wake, hasa pale inapozoea kupita kwenye pembe au kufungwa. Ndani panatakiwa kuwa na rangi ya krimu inayong'aa kidogo. Iache kazi ukiona moja kati ya haya:

1. Ndani kumekuwa kijivu au kahawia, au kunanuka uvundo.
2. Unga au vipande vifupi vinadondoka ukiisokotoa.
3. Singa uliyoichomoa inakatika kwa kuvutwa na vidole viwili bila upinzani.
4. Imekuwa ngumu na kavu mfano wa kijiti, na inalia ikipindwa.
5. Unene umepungua mahali pamoja kuliko kwingine.

Kamba iliyoachishwa kazi ikate vipande vya urefu wa mkono kabla ya kuitupa. Kamba nzima iliyotupwa jalalani huokotwa, na anayeiokota hatajua kwa nini wewe uliikataa.